Kuacha kazi ya farasi na kuanza nyingine: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na masaisi (watunza farasi), majoki (wapanda farasi wa mbio), wapiga viatu vya farasi na wasimamizi wa mabanda nchini Kenya, wengine wakiwa bado kazini, wengine wakiwa wameshakabidhi funguo. Si lazima usome yote. Tafuta linalokuhusu, likigusana na jingine, utaelekezwa kwa namba.

## Mambo ya msingi

1. Ukurasa huu unamhusu nani?

Yeyote ambaye mshahara wake umetoka mgongoni mwa farasi: saisi wa mbio pale Ngong, saisi wa polo (mchezo wa mpira juu ya farasi) Nairobi au Gilgil, mfanyakazi wa shule za kupanda farasi Karen, mtu wa farasi wa watalii Laikipia, joki, mpiga viatu, dereva wa lori la farasi. Sheria tunazozitaja ni za Kenya. Walioko Tanzania waende swali la 25, na waliorudi kutoka Ghuba waende swali la 24.

2. Kazi bado ninayo. Kwa nini nianze kufikiria nyingine?

Kwa sababu ulimwengu huu ni mdogo mno. Uwanja wa Ngong, unaotumika tangu mwaka 1954, ndio uwanja wa mbio uliosalia nchini. Mwenye farasi 10 akiamua kuhama au kuuza, masaisi kadhaa hukosa kazi siku moja, na wote hubisha milango ile ile. Anayejiandaa akiwa bado analipwa hujadiliana na mwajiri mpya akiwa ametulia. Anayeanza kutafuta baada ya kodi ya nyumba kuchelewa huchukua chochote.

Udogo huo una upande wake mzuri pia: kila mtu anamjua kila mtu, na jina lako hutangulia kabla hujafika. Ukiondoka, ondoka vizuri.

3. Nina miaka 45. Si nimechelewa?

Kwa kazi zenye masharti ya umri, kama polisi au jeshi, ndiyo, umechelewa. Kwa nyingine hapana. Mwenye ng'ombe wa maziwa anayetafuta msimamizi mara nyingi humwamini zaidi mtu mwenye mvi kidogo kuliko kijana atakayeondoka baada ya mwezi. Kinachozeeka ni mgongo na magoti, kwa hiyo chagua kazi ambayo utaiweza ukiwa na miaka 55, si ile unayoiweza leo tu.

4. Lazima niachane na farasi kabisa?

Hapana. Wengi hubadilisha nafasi bila kubadilisha farasi: saisi huwa mpiga viatu, joki huwa mpandaji wa mazoezi ya asubuhi au huomba leseni ya ukufunzi, msimamizi wa banda huenda kufundisha watoto kupanda. Tatizo ni kwamba nafasi hizo zinahesabika kwa vidole, na bado zinategemea wale wale wenye farasi. Kama unaondoka kwa sababu mapato yanayumba, kuhamia nafasi nyingine ndani ya geti lile lile hakutatui kitu.

## Kabla hujatoka getini

5. Karatasi gani nidai kwanza?

Cheti cha utumishi. Ukikumbuka jambo moja tu katika ukurasa huu, likumbuke hili. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri akupe cheti kazi inapokwisha, ikiwa umemfanyia kwa wiki 4 mfululizo au zaidi. Lazima kionyeshe jina na anwani ya mwajiri, jina lako, tarehe uliyoanza, aina ya kazi na mahali ulipoifanyia, na tarehe uliyomaliza. Haijalishi kama umeacha mwenyewe au umefukuzwa.

Sheria haimlazimishi mwajiri kukusifu. Sifa ni barua ya mapendekezo, nayo huombwa kwa hiari, tena huombwa mapema, mkiwa bado mnasalimiana vizuri.

Soma kwa makini jinsi aina ya kazi ilivyoandikwa. Masaisi wengi huandikiwa "mfanyakazi wa kawaida", maneno yanayofuta miaka 12 kwa kalamu moja. Omba iandikwe ulichofanya: saisi mkuu, mtunza farasi, msimamizi wa banda la farasi 14. Mwajiri hapungukiwi na kitu akiandika hivyo, na wengi hukubali wakiombwa kwa adabu kabla cheti hakijapigwa mhuri.

6. Miaka yote nimeitwa kibarua na kulipwa mkononi. Nina haki yoyote?

Unayo. Kwa sheria, kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na ambaye hakuajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinasema aliyefanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja huhesabiwa kuwa ameajiriwa kwa mkataba wa mwezi, hata kama hakuna kilichoandikwa. Akivuka miezi 2, anastahili masharti yale yale anayostahili mwajiriwa wa kawaida, likizo ikiwemo. Farasi hali siku moja akaacha, kwa hiyo hoja ya kwamba kazi ya saisi ilikuwa ya siku moja moja ni dhaifu.

Ugumu uko kwenye ushahidi. Kusanya jumbe za M-Pesa, picha zenye tarehe, kitabu cha zamu, majina ya mliofanya nao kazi. Afisa wa leba wa kaunti husikiliza bila malipo. Madai ya ajira yakifika mahakamani huwa na ukomo wa miaka 3, basi usiyalaze.

7. Mwenye banda anauza farasi wote. Nitalipwa nini?

Hapo unapunguzwa kazini, hukufukuzwa. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira kinadai notisi ya mwezi mmoja au zaidi, afisa wa leba ajulishwe, ulipwe siku zako za likizo ulizobakiza, na juu yake mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliokamilisha. Mwenye miaka 8 huhesabiwa siku 120. Fanya hesabu hiyo nyumbani kabla ya kuitwa ofisini; bahasha nono ya "asante" huonekana kubwa mpaka uiweke kando ya hesabu.

Mara nyingi watu huchanganya malipo haya na kiinua mgongo cha kuacha kazi kwa hiari. Hicho ni kitu kingine. Ikiwa mwajiri alikuwa akikukatia NSSF (akiba ya uzeeni), sheria haimdai kiinua mgongo cha utumishi juu yake, isipokuwa mkataba wenu useme hivyo.

8. NSSF na SHA zinakuwaje nikiacha?

Pesa za NSSF hubaki kwa jina lako. Kwa kawaida huwezi kuzichukua kwa sababu tu umebadilisha kazi. Unaweza kuzidai ukifika miaka 50 ukiwa umestaafu ajira, au 60 kwa ustaafu wa kawaida. Kabla hujaondoka, angalia taarifa ya michango yako. Miezi iliyokatwa kwenye mshahara lakini haikufika NSSF ni rahisi kuidai ukiwa bado unaingia ofisini kila asubuhi.

Bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Ukitoka kwenye ajira, makato husimama na unatakiwa kujilipia kwa mwaka mzima baada ya kupimwa kipato chako kwa *147#. Fanya hivyo kabla ya kuanza kazi ya kubahatisha, kwa kuwa ugonjwa haungoji.

9. Naishi kwenye nyumba za banda. Nikiacha kazi nalala wapi?

Swali hili huwarudisha watu nyuma kuliko mshahara. Saisi huamka alfajiri akiwa hatua chache kutoka kwa farasi, hajui bei ya kodi, hajui bei ya maji, watoto wanasoma shule ya karibu. Siku anapoacha kazi anapoteza vitu vitatu kwa mpigo.

Mwajiri ana haki ya kuitaka nyumba yake ajira ikiisha. Unachoweza kufanya ni kuomba muda ulioandikwa, mwezi au zaidi, uunganishwe na notisi. Lakini dawa ya kweli iko mbele ya hapo: ukilinganisha kazi mpya na ya zamani, ongeza kodi, nauli, stima na maziwa uliyokuwa ukigawiwa kwenye mshahara wa zamani. Kazi ya mjini inayolipa zaidi kwa elfu 6 inaweza kukuacha na kidogo kuliko ulivyokuwa. Ndiyo sababu tunapenda kazi za mashambani zenye nyumba (swali la 13) kama hatua ya kwanza kwa wenye familia.

Kama shule ni tatizo, panga kuondoka mwaka wa shule ukiisha.

## Kuuza ujuzi ulio nao

10. Niandike nini kwenye wasifu wa kazi? Mimi nimetunza farasi tu.

Hilo neno "tu" liondoe kwanza. Mwajiri ambaye hajawahi kusimama karibu na farasi hawezi kukisia unachojua. Akisoma "saisi, 2011 hadi 2024" anaona mtu wa kuzoa samadi. Eleza kazi kwa maneno ambayo mtu wa nje anayaelewa, na uweke idadi.

Badala ya "nililisha farasi", andika: "Nilipima na kugawa chakula cha farasi 4 mara 3 kwa siku, na kuweka hesabu ya marobota ya nyasi na magunia ya nafaka." Badala ya "niliangalia wagonjwa": "Nilipima joto la mwili na mapigo ya moyo, nilitambua dalili za msokoto wa tumbo na kumwita daktari, nikatekeleza maagizo yake ya dawa usiku." Badala ya "hed saisi": "Nilisimamia wafanyakazi 6, zamu zao na mafunzo ya wapya." Na kama ulisafiri na farasi kwenda mashindano, hiyo ni kazi ya kusafirisha mali ya thamani kubwa na kuifikisha salama, bila mtu kukusimamia.

Kuna jambo ambalo halina cheti lakini wenye mali hulitafuta kwa tochi: kuamka saa 11 alfajiri siku zote, Krismasi na Idi zikiwemo, na kugundua kabla ya mwingine yeyote kwamba mnyama hakumaliza chakula chake. Liseme kwa mfano mmoja wa kweli. Usijisifu kwamba wewe ni mchapakazi, kila mtu hujisifu hivyo.

11. Sikumaliza shule na sina cheti chochote. Kuna njia?

Ipo. Kenya sasa ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, unaosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Kielimu, KNQA. Husomi kozi upya. Unapeleka ushahidi wa unachokijua, unapimwa kwa vitendo na mahojiano, na ukifaulu unapewa cheti kinachotambulika. Ushahidi ndio zile karatasi za swali la 5, picha na video za kazi, na watu watakaothibitisha.

Njia ya zamani zaidi ni mitihani ya daraja ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, kuanzia Daraja la III kupanda hadi la I. Haina farasi ndani yake, lakini mpiga viatu aliyefua chuma kwa miaka ana msingi mzuri wa uchomeleaji, na dereva wa lori la farasi aliyekuwa akilitengeneza mwenyewe barabarani anaweza kujaribu umekanika. Ulizia kituo kilicho karibu nawe ni ufundi gani wanaupima.

12. Kwenye mahojiano nikiulizwa kwa nini nimeacha, niseme nini?

Sema ukweli mfupi: banda limefungwa, mwili umechoka, unataka kazi yenye mkataba. Usimseme vibaya mwajiri wa zamani hata kama anastahili. Tazama swali la 2 kuhusu udogo wa ulimwengu huu. Anayekuhoji huenda wanacheza polo pamoja.

## Kazi zenyewe

13. Ng'ombe wa maziwa: ni kazi inayofaa mtu wa farasi?

Kwa maoni yetu ndiyo inayofaa zaidi, na tunashangaa ni wachache kiasi gani wanaoifikiria kabla ya kukimbilia ulinzi wa usiku. Kiambu, Nakuru, Nyandarua, Uasin Gishu, kote huko kuna mashamba yanayolia kwa watu wa kuaminika. Nyumba mara nyingi ipo. Saa za kazi unazijua tayari. Jicho la kumtambua mnyama asiye sawa ni lile lile.

Lakini usiingie ukidhani ng'ombe ni farasi mwenye pembe. Farasi hupiga teke kwenda nyuma; ng'ombe huuzungusha mguu mbele na pembeni, na mahali ulipozoea kusimama kwa usalama si salama tena. Joto la kawaida la farasi mzima ni kati ya nyuzi 37.5 na 38.5 hivi, la ng'ombe liko juu kidogo, kwa hiyo nyuzi 39 ambazo zingekufanya umwamshe daktari wa farasi, kwa ng'ombe ni kawaida. Tumbo la farasi hulisikiliza pande zote mbili. La ng'ombe unalichunga kushoto, ambako hujaa gesi. Na kuna kiungo ambacho kwa farasi hukukishughulikia kabisa: kiwele. Jifunze kukamua kwa usafi, kupima matone ya kwanza ya kila chuchu na kutambua ugonjwa wa kiwele mapema, maana hapo ndipo pesa ya mwenye shamba inapopotelea. Mwezi mmoja wa kujifunza kwa jirani, hata kwa malipo ya chai, utakuokoa na aibu nyingi.

Onyo moja kwa wanaokwenda shamba lenye ng'ombe, kuku na farasi pamoja: baadhi ya vyakula vya ng'ombe na kuku huwekwa dawa iitwayo monensini. Ng'ombe huivumilia. Farasi humuua, hata kwa kiasi kidogo. Stoo zitenganishwe, na wewe ndiye utakayejua kwa nini.

14. Najua kukata kwato. Naweza kuishi kwa hilo?

Unaweza, ukihamisha kisu kutoka kwa farasi kwenda kwa ng'ombe. Farasi wa kufanya kazi hukatwa kwato kila wiki 6 hadi 8, lakini farasi ni wachache na wapiga viatu wao wanajulikana. Ng'ombe wa kufugiwa bandani wako kila kijiji, wanasimama kwenye saruji au tope mchana kutwa, na kwato zao hukua zikapinda mpaka mnyama anatembea kwa kisigino. Ng'ombe anayechechemea hula kidogo na maziwa hushuka. Mwenye ng'ombe akiliona hilo kwenye ndoo, hulipa.

Ukwato wa ng'ombe ni vidole viwili, na kwenye mguu wa nyuma kile cha nje ndicho hubeba uzito zaidi na kurefuka haraka. Kazi ni kuvirudisha viwe sawa bila kufika kwenye nyama. Anayekata kwa mazoea ya farasi huingia ndani mno. Jifunze kwa daktari au fundi aliyezoea, tengeneza kizuizi cha mbao cha kumfungia mnyama (ng'ombe hatakupa mguu kama farasi aliyefunzwa), na uingie mkataba na chama cha ushirika cha maziwa badala ya kuzunguka nyumba kwa nyumba. Mara 2 kwa mwaka kwa kila ng'ombe, ukiwa na wanachama 100 wenye ng'ombe 3 kila mmoja, ni ziara 600. Hiyo ni kazi ya mwaka mzima.

15. Nimekuwa nikichoma sindano bandani kwa miaka. Naweza kutibu mifugo ya watu?

Hapana, si kwa malipo na si bila usajili. Bandani ulikuwa ukifuata maagizo ya daktari. Ukienda kijijini kutibu mwenyewe, unavunja Sheria ya Madaktari wa Mifugo na Wasaidizi wao ya mwaka 2011, na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, KVB, hushtaki watu kwa hilo. Uhamilishaji wa ng'ombe, yaani kuwapandikiza mbegu, nao una leseni yake.

Njia halali ni kusomea afya ya wanyama kwenye vyuo vya AHITI vilivyoko Kabete, Ndomba na Nyahururu, kisha kusajiliwa na bodi. Matokeo ya KCSE yanahitajika, hasa ya sayansi. Kwa aliye na matokeo hayo na umri bado unamruhusu kukaa darasani, ni hatua kubwa kuliko zote kwenye ukurasa huu, na miaka ya bandani itamweka mbele ya wenzake siku ya vitendo.

16. Kushona ngozi je?

Aliyekuwa akitengeneza matandiko, hatamu na mishipi ana mkono ambao mafundi wengi wa viatu hawana, kwa sababu mshono wa tandiko ukikatika mtu huanguka. Soko la matandiko ni dogo. La mikanda, kola za mbwa, mikoba na viatu vya soko la Kariokor, Nairobi, lina watu wengi lakini pia lina wanunuzi. Thika kuna kituo cha mafunzo ya viatu cha TPCSI. Anza na kutengeneza vya watu wa farasi unaowajua, ambao tayari wanaamini mshono wako.

17. Nimeongoza watalii wakiwa juu ya farasi. Naweza kuwa mwongozaji wa safari?

Unaweza, na una faida: umezoea kuwatuliza wageni wenye hofu. Chama cha waongozaji watalii, KPSGA, hutoa ngazi 3, Shaba, Fedha na Dhahabu, kwa mitihani. Ya Shaba ndiyo mlango. Utaulizwa ndege, mimea, historia na huduma ya kwanza, si farasi. Wengi wa mabandani wanajua wanyama kwa kuwaona kila siku lakini hawajui majina yao kwa Kiingereza. Kitabu cha ndege na miezi kadhaa vinalimaliza hilo. Leseni ya udereva ni karibu lazima.

18. Bodaboda, udereva, ulinzi?

Ni kazi halali na zinapatikana haraka. Shida yake ni kwamba hazitumii chochote ulichokijua, kwa hiyo unaanza chini kabisa pamoja na kijana wa miaka 19. Kwenye ulinzi, omba kitengo cha mbwa. Mtu aliyesoma masikio ya farasi hujifunza kusoma ya mbwa upesi, na kampuni nyingi hazina watu wa kutosha wanaopenda kazi hiyo.

19. Na punda?

Punda wa mikokoteni wapo kwa wingi, na mashirika kama Brooke hufanya kazi ya ustawi wao Afrika Mashariki. Umoja wa Afrika ulipitisha marufuku ya biashara ya ngozi za punda mwaka 2024. Ajira zenyewe ni chache na hutangazwa mara moja moja, ila mpiga viatu anayekubali kuwakata kwato punda wa sokoni kwa bei ya chini hupata wateja na jina.

## Kwa majoki

20. Nimeacha kupanda na uzito unapanda kwa kasi. Ni kawaida?

Ni kawaida. Mwili ulionyimwa chakula na maji kwa miaka ili usome kilo 52 kwenye mizani hulipiza. Kula milo kamili mara 3, usirudie kujitoa jasho kwa kujifunga mifuko ya plastiki, na upimwe mifupa ukipata nafasi, kwani kujinyima kwa muda mrefu huidhoofisha. Uzito ukitulia baada ya miezi, huo ndio wako.

21. Nimeanguka mara nyingi na niliwahi kupoteza fahamu. Hilo linagusa kazi mpya?

Linaweza. Maumivu ya kichwa yasiyoisha, kusahau, hasira za ghafla, usingizi mbovu na kizunguzungu mwambie daktari, na umtajie kuanguka kote unakokumbuka, hata kwa zamani. Mpaka upimwe, usichague kazi ya kupanda juu, kuendesha gari la abiria au kutumia mashine za kukata. Watu wa nyumbani huona mabadiliko kabla yako; waulize.

22. Pesa za joki huja kwa mbio. Nitazoeaje mshahara?

Kwa kuishi kama mwenye mshahara kabla hujaacha. Chukua mapato ya msimu mmoja, gawanya kwa miezi 12, na utumie hicho tu. Wengi hustuka jinsi kilivyo kidogo, na ndipo wanapoacha kuidharau kazi ya elfu 25 yenye mkataba.

## Hali za pekee

23. Niliumia kazini, nikatibiwa, sikulipwa fidia. Nimechelewa?

Chini ya Sheria ya Fidia za Majeraha Kazini, WIBA, ya mwaka 2007, madai hupelekwa ndani ya miezi 12 tangu ajali, na ajali ambayo mwajiri hakuarifiwa ndani ya muda huo hupoteza haki. Kama bado uko ndani ya mwaka, nenda ofisi ya usalama na afya kazini, DOSHS, ukiwa na karatasi za hospitali. Kama muda umepita, usidanganyike na anayekutoza ada ya kufungua faili. Muulize wakili kwanza kama kuna njia nyingine.

Usitie saini karatasi ya kumalizana na mwajiri kuhusu malipo ya mwisho (swali la 7) kabla jeraha halijaandikwa humo.

24. Nimerudi kutoka Ghuba nikiwa saisi. Uzoefu huo una thamani hapa?

Sana, hasa kama ulitunza farasi wa mbio ndefu za jangwani, zile za kilomita 120 hadi 160. Huko umejifunza kupoza farasi kwenye joto kali na kufuata vipimo vya madaktari kituo kwa kituo. Rudi na barua ya utumishi ya Kiingereza yenye mhuri, kwa sababu kuipata baadaye kwa simu ni kazi. Kumbuka pia kwamba mabanda ya watu binafsi huko mara nyingi huwahesabu masaisi kama wafanyakazi wa nyumbani, na haki zao za mwisho wa mkataba hutofautiana na za wafanyakazi wa kampuni. Soma mkataba kabla ya kupanda ndege ya kurudi, si baada.

25. Niko Tanzania. Haya yananihusu?

Ushauri wa kazi, ndiyo; vifungu vya sheria, hapana. Kwa kurasimisha ujuzi uliopata kazini, VETA wana utaratibu wa kupima na kutoa vyeti. Kwa mafunzo ya mifugo kuna kampasi za LITA, kama Tengeru, Mpwapwa na Morogoro. Masuala ya ajira peleka ofisi ya kazi ya mkoa, na CMA, tume ya usuluhishi, kwa migogoro.

26. Nawakosa farasi kuliko nilivyodhani. Nifanyeje?

Hutachekwa hapa. Mtu aliyelala karibu na mnyama yule yule kwa miaka 9 huhisi pengo, hasa farasi akiuzwa bila kuaga. Baadhi hujipangia asubuhi moja kwa wiki ya kusaidia bandani au kupanda farasi wa mazoezi. Wengine wanaona bora wasikanyage Ngong kwa mwaka mzima. Zote mbili zimefanya kazi. Isiyofanya kazi ni kwenda kila Jumapili kutazama mbio na kubeti farasi wako wa zamani.

27. Mwajiri wangu alifariki, au alihama nchi. Nani ataniandikia cheti?

Kama kuna wasimamizi wa mirathi au wakili wa familia, waandikie hao. Kwa kawaida wana daftari za mishahara. Kama banda lilikuwa kampuni, kampuni haifi na mwenyewe, wakurugenzi wengine wanaweza kutia saini. Aliyehama hupatikana kwa barua pepe, na barua iliyotiwa saini na kupigwa picha inakubalika na waajiri wengi.

Wote wakikosekana, jenga ushahidi wa pembeni: taarifa ya NSSF inayoonyesha jina la mwajiri na miezi, barua ya daktari wa mifugo au mkufunzi aliyekuona ukifanya kazi, na hati ya kiapo mbele ya wakili ukieleza tarehe na kazi. Hivyo vitatu kwa pamoja vinaweza pia kuwa ushahidi wa upimaji wa ujuzi uliotajwa kwenye swali la 11. Daktari wa mifugo mwombe kwanza, huyo alikuona usiku ule wengine walipokuwa wamelala.